Mlevi Humsikiliza Nani?

Kiswahili kina kitenzi kizuri ambacho siku hizi hakisikiki sana: kulevuka. Ni kinyume cha kulewa, kama vile kufungua kulivyo kinyume cha kufunga. Wahenga walikitia katika methali wakasema mlevi wa mvinyo hulevuka, mlevi wa mapenzi halevuki. Walikuwa wanayazungumzia mapenzi, na mvinyo wakautaja kama jambo jepesi: mtu hunywa, hulala, kukicha akili zimemrudia. Anayeishi nyumba moja na mlevi anajua kwamba methali hiyo ilimhusu mnywaji wa kawaida. Yuko mwingine, ambaye asubuhi pombe imemtoka kichwani lakini mikono inamtetemeka, jasho linamtoka, na dawa anayoijua ni moja tu, kwenda kuzimua. Kenya wanaita kutoa loki. Huyu halevuki, hata siku ambayo hajatia tone mdomoni, kwa sababu siku hiyo nzima anaitumia kupigana na wazo la kunywa au kulitafutia njia.

Mhadhara huu unamhusu mtu huyo, na unauliza swali moja: humsikiliza nani?

Wasemaji hana uhaba nao. Mke amesema, mama amelia, mwajiri ameandika barua ya onyo, balozi wa nyumba kumi ameita kikao, sheikh au padri amenasihi, daktari ameonyesha majibu ya vipimo vya ini. Wote wamesema kweli. Naye si mjinga, ameyaelewa yote, na mara nyingi ameapa mbele yao kwa machozi ya dhati. Jioni ameonekana tena kilabuni. Jamii ikahitimisha kwamba hana haya, au amerogwa, au hana nia. Kumbe ipo methali nyingine ambayo ingeanza kulijibu swali: adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Wote waliosema naye walikuwa wamesimama juu ya kaburi. Hakuna aliyepata kulala humo.

Jibu hilo lilipatikana kwa njia ya ajabu katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, Marekani, mwaka 1935, na waliolipata ni walevi wawili, mmoja mfanyabiashara, mwingine daktari.

Mfanyabiashara ni Bill Wilson, aliyekuwa akichunguza makampuni ya soko la hisa la New York hadi pombe ilipomfukuzisha kila mahali. Novemba 1934 alitembelewa nyumbani kwake Brooklyn na rafiki wa zamani, mlevi mwenzake, Ebby Thacher. Wilson alitayarisha jini na juisi ya nanasi mezani, akifurahi kumpata mwenzi wa kunywa. Ebby akakataa glasi. Alikuwa na miezi miwili bila pombe, akieleza jikoni pale kwamba kuna watu wa dini waliomsaidia. Wilson aliendelea kunywa wiki kadhaa, lakini hakuweza kulifuta jambo moja akilini: huyu anayezungumza alikuwa mlevi kama yeye, na leo mikono yake imetulia. Mwezi uliofuata Wilson akalazwa kwa mara ya mwisho katika hospitali ya Towns mjini New York. Hakunywa tena.

Alipotoka alikuwa na moto wa mwongofu. Kwa muda wa miezi mitano alizunguka akiwakusanya walevi, akiwaleta nyumbani kwake, akiwahubiria. Hakuna hata mmoja aliyeacha. Daktari wake, William Silkworth, alimshauri apunguze mahubiri, aanze kwanza kuwaeleza habari za ugonjwa wenyewe, jinsi mwili wa mlevi usivyohimili pombe na akili yake isivyoiachilia. Mkewe Lois naye alikuwa ameliona ambalo mumewe hakuliona: katika watu wote waliopita katika nyumba ile, mmoja hakuwa amekunywa, naye ni Wilson mwenyewe.

Mei 1935 alikwenda Akron kwa mvutano wa umiliki wa kampuni moja, akashindwa. Jumamosi jioni, tarehe 11, alikuwa peke yake katika ukumbi wa hoteli ya Mayflower, mfukoni ana kama dola kumi. Upande mmoja wa ukumbi kulikuwa na baa, na vicheko vilikuwa vinamfikia. Upande mwingine kulikuwa na simu na orodha ya makanisa ya mji. Akapiga simu. Hakuwa anatafuta wa kumwombea. Alikuwa anatafuta mlevi. Alikwisha kuelewa kwamba asipompata mlevi wa kuzungumza naye, usiku ule atakunywa.

Mnyororo wa simu ukamfikisha kwa mama mmoja wa mjini hapo, Henrietta Seiberling, naye akamkutanisha kesho yake na daktari wa upasuaji, Robert Smith, ambaye dunia imekuja kumjua kama Dr. Bob. Daktari alikuja na mkewe, mwili unamtetemeka kwa uchovu wa pombe za jana yake, akisema mapema kwamba atakaa dakika 15 tu. Alikuwa ameshahubiriwa miaka mingi. Wakaingia chumbani saa kumi na moja jioni. Walitoka saa tano za usiku zimepita.

Kilichowaweka mle saa sita hakikuwa elimu. Kuhusu tiba, daktari alikuwa anajua kumzidi mgeni wake. Wilson alisimulia tu: alivyokuwa anaficha chupa, alivyokuwa anaapa, hofu ya saa tisa za usiku, uongo kwa mke. Dr. Bob alieleza baadaye kwamba huyu alikuwa mtu wa kwanza kuzungumza naye akiujua ulevi kwa kuupitia. Liko na jambo la pili, ambalo ndilo moyo wa mhadhara huu. Wilson hakwenda pale kumwokoa mtu. Alikwenda kuomba. Alimwambia daktari waziwazi kwamba anamhitaji ili yeye mwenyewe asinywe. Kwa mtu aliyezoea miaka mingi kuwa mzigo wa wengine, kuambiwa ghafla kwamba anahitajika ni jambo linalomsimamisha wima. Huenda ilikuwa mara ya kwanza katika miaka mingi kwamba mtu ameketi mbele yake bila kumdai kitu ila kuwapo kwake.

Asidhani mtu kwamba daktari aliacha usiku ule. Wiki chache baadaye alikwenda mkutano wa madaktari Atlantic City, akaanza kunywa ndani ya treni, akarudi Akron siku kadhaa baadaye akiwa hajitambui. Alikuwa na mgonjwa wa kumpasua. Wilson na mke wa daktari wakamkalia usiku na mchana, na asubuhi ya upasuaji Wilson akampa chupa ya bia ili mikono itulie. Wanaojua maana ya kuzimua wataielewa bia ile. Ilikuwa ya mwisho, na tarehe 10 Juni 1935 ndiyo inayohesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa umoja wao. Baada ya upasuaji daktari hakurudi nyumbani kwa saa nyingi, na waliomsubiri walihofia mabaya. Alikuwa anazunguka mji nyumba kwa nyumba, kwa aliowakosea na wanaomdai, akiomba radhi.

Mwezi huohuo wakamwendea wa tatu, wakili mmoja aliyekuwa amelazwa hospitali mara nane katika miezi sita. Alikuwa amewapiga wauguzi, kwa hiyo alifungwa kitandani. Walipoingia hakutaka kusikia, alijua ni wale wale wa mawaidha. Wakavuta viti, wakaanza kusimulia vya kwao, mmoja akimaliza mwingine anapokea. Tarehe 4 Julai alitoka hospitali na mkewe, na hakunywa tena hadi alipofariki miaka ya 1950.

Hapo hapakuwa na jina, ofisi wala ada. Jina likaja mwaka 1939, walipotoa kitabu chao wakiwa watu wapatao 100: Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiojitaja majina, na wengi husema AA tu. Machi 1941 jarida la Saturday Evening Post liliandika habari zao kwa kirefu, na mwaka huo wanachama wakapanda kutoka takribani 2,000 hadi 8,000. Leo umoja huo una vikundi zaidi ya 120,000 katika nchi zipatazo 180.

Walikuwa na mfano wa kuwaonya. Mwaka 1840, katika baa moja ya mji wa Baltimore, wanywaji sita waliapa kuacha na kusaidiana, wakaanzisha chama cha Washingtonian. Kikaenea kama moto wa nyikani, na Abraham Lincoln alilihutubia tawi lake la Springfield tarehe 22 Februari 1842. Ndani ya miaka michache kilikuwa kimekufa. Kilijiingiza katika ugomvi wa sheria za kupiga marufuku pombe, wasemaji wake wakawa watu mashuhuri, na mlevi wa kawaida akasahaulika. AA wakafanya kinyume: hawana msimamo wa siasa, hawapokei fedha za nje, hawamiliki majumba, hawamtukuzi mtu. Wilson mwenyewe alitamani mamilioni ya tajiri John D. Rockefeller mdogo ili wajenge hospitali. Rockefeller akatoa dola 5,000 mwaka 1938, akasema fedha nyingi zingekiharibu kitu hiki. Alikuwa na hekima ambayo wafadhili wengi wa leo wangeihitaji.

Mkutano wenyewe haufurahishi macho. Chumba cha kuazima, viti vya plastiki, birika la chai. Mmoja anasema, wengine wananyamaza; hakuna kumkatiza mtu, hakuna kumjibu, hakuna kumpa ushauri asioomba. Anayesema huanza kwa jina lake la kwanza na kuongeza kwamba ni mlevi. Katika Kiswahili neno hilo lina uzito wa pekee. Mlevi ni tusi. Hutupwa na mtoto aliyekasirika, huandikwa katika hati za talaka, huimbwa na watoto wanaomfuata mtu njiani. Wataalamu wametuletea neno mraibu, nalo ni la heshima na linafaa hospitali. Lakini mtu anapolichukua mwenyewe lile tusi, akalitamka kwa sauti yake mbele ya watu ambao wote wanalo, silaha iliyokuwa mikononi mwa wengine inahamia kwake. Kwa wengi hii ndiyo saa ya kwanza ya kulevuka kwa kweli.

Mengine ni kazi ya kila siku. Mgeni huhimizwa asiape kuacha maisha yake yote, bali asinywe leo tu. Hutafutiwa mtu aliyetangulia wa kumshika mkono, mwenye simu inayopokelewa saa nane za usiku. Huzipitia hatua kumi na mbili: kukiri kwamba pombe imemshinda, kujichunguza, kumsimulia mtu mmoja makosa yake yote, kuwaomba radhi aliowaumiza isipokuwa pale radhi yenyewe itakapowaumiza zaidi. Ya kumi na mbili inarudi Akron: mtafute mwingine.

Wapenzi wa mpira wanalo jina la karibu zaidi. Tony Adams alikuwa nahodha wa Arsenal tangu akiwa na miaka 21. Desemba 1990 alifungwa gerezani kwa kuendesha gari akiwa amelewa, akatoka, akavaa tena kitambaa cha unahodha, akaendelea kunywa. Kiangazi cha 1996 aliiongoza Uingereza katika michuano ya Ulaya, wakatolewa na Ujerumani kwa penalti katika nusu fainali, na majuma yaliyofuata aliyamaliza baani. Tarehe 16 Agosti alikunywa kwa mara ya mwisho, akaenda kwenye mikutano. Mwezi mmoja baadaye aliwakusanya wachezaji wenzake akawaambia yeye ni mlevi. Wengi wanalikumbuka bao lake dhidi ya Everton Mei 1998, siku Arsenal walipotwaa ubingwa, mikono ameitandaza, uso umetulia. Mashabiki waliliona bao. Waliokuwa wamekaa naye kwenye viti vya plastiki waliona mtu mwenye siku zaidi ya 600 bila pombe. Mwaka 2000 alianzisha Sporting Chance, kliniki ya wanamichezo wenye uraibu. Ni ile ile hatua ya kumi na mbili.

Je, simulizi kama hizi zinathibitika? Wanasayansi walikuwa na haki ya kutilia shaka, maana aliyefanikiwa husimulia na aliyeshindwa hutoweka kimya. Mwaka 2020 John Kelly wa Harvard, Keith Humphreys wa Stanford na Marica Ferri walichapisha tathmini ya Cochrane iliyokusanya tafiti 27 zenye washiriki 10,565. Katika tafiti bora zaidi, miongoni mwa waliopitia programu za kuwaunganisha na AA, asilimia 42 walikuwa hawajanywa kabisa kufikia mwaka mmoja, dhidi ya asilimia 35 ya waliopata tiba nyingine zinazoheshimika. Tofauti hiyo si muujiza. Lakini ni watu saba zaidi katika kila mia, kwa tiba ambayo gharama yake ni chai. Uchunguzi wa Kelly unaonyesha pia kwamba sehemu kubwa ya faida hutokana na jambo la kawaida kabisa: mtu hubadilisha marafiki. Alikuwa na watu kumi wa kumwita glosari, sasa ana watu kumi wa kumwita kwenye kikao.

Takwimu hizo hizo zinasema kwamba zaidi ya nusu walikunywa tena, na hilo lazima lisemwe bila kumung'unya maneno. Kikundi hakimfai kila mtu. Tena mlevi wa miaka mingi haifai aachishwe ghafla chumbani kwa maombi na kufungiwa mlango. Katika siku chache za kwanza anaweza kupata degedege, kuchanganyikiwa, kuona wadudu ukutani, na anaweza kufa. Hospitali kwanza, kikao baadaye. Zipo pia dawa za kupunguza hamu ya pombe, na kuzitumia si udhaifu wa imani.

Wapo walioikuta milango ya vikundi vya mwanzo ikiwa nusu wazi. Wanaume wa kwanza hawakupenda kuwakubali wanawake, hadi akina Marty Mann, aliyeingia mwaka 1939, walipowaonyesha kwamba mwanamke hulewa kwa kificho zaidi na huaibishwa mara mbili. Lois Wilson naye aliona kwamba waliolala macho wakimsubiri mlevi nao ni wagonjwa, akashiriki kuanzisha Al-Anon mwaka 1951 kwa ajili ya jamaa. Na katika mji ule ule wa Baltimore, mwaka 1989, Waislamu waliokuwa wakitafuta njia ya kutoka walianzisha Millati Islami, wakizisoma upya hatua kumi na mbili kwa lugha ya dini yao. Habari hii inawagusa watu wa pwani ya Afrika Mashariki. Mwislamu anayekunywa ana siri juu ya siri: anaificha chupa, kisha anamficha hata mtu ambaye angemsaidia, kwa sababu kukiri ulevi kwake ni kukiri dhambi hadharani. Kikao kisichotaja majina kimetengenezwa kwa ajili ya mtu kama yeye.

Huku kwetu pombe huzungumzwa zaidi kama suala la polisi. Mei 2014 pombe yenye methanoli iliua makumi ya watu katika kaunti kadhaa za Kenya, wengine wakapofuka. Julai 2015 Rais Uhuru Kenyatta akaagiza msako, madumu yakamwagwa mitaroni mbele ya kamera. Sumu ile ilistahili kumwagwa. Lakini aliyekuwa akiinywa alibaki amesimama kando ya mtaro, mikono inatetemeka, na hakuna aliyemuuliza jioni ile ataimalizaje.

Dalili njema zipo. Eldoret, katika kliniki za AMPATH, watafiti wakiongozwa na Rebecca Papas waliwafuatilia watu 614 wanaoishi na VVU na wanaokunywa, wengi wao busaa na chang'aa. Baadhi walipewa mafunzo ya kupunguza unywaji katika vikundi, wanawake peke yao na wanaume peke yao, vikao sita vya dakika 90, kwa Kiswahili, vikiongozwa na watu wa kawaida waliofunzwa kazi hiyo wala si madaktari bingwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha wamepunguza unywaji kuliko wenzao waliofundishwa afya ya jumla. Haikuwa AA, kwa kuwa walikuwa na mwongozo na mkufunzi. Ilionyesha hata hivyo kwamba viti vilivyopangwa duara vinafaa hata pale ambapo hakuna fedha za zahanati ya kifahari. Zanzibar, tangu mwishoni mwa miaka ya 2000, zimeenea nyumba za upataji nafuu, ambazo watu huziita soba hausi. Nyingi zilianzishwa kwa ajili ya watumiaji wa heroini, zinatumia hatua kumi na mbili, na wanaoziendesha ni watu waliotoka kuzimu ile ile. Mgeni anapopokewa mlangoni, anayempokea anaijua arosto, yale mateso ya kukosa dawa, kwa jina na kwa harufu.

Vijiji vyenye mbege, ulanzi, gongo na mnazi havina nyumba hizo. Vina vikoba, vina jumuiya, vina vyama vya kuzikana. Watu wanajua kukutana kila wiki, kuchangia kidogo, kutunza siri ya daftari. Wanachokosa ni watu wawili walioacha, wenye ujasiri wa kuvuta viti na kuanza.

Kabla ya yule wakili wa hospitalini, Wilson na Dr. Bob walijaribu kumsaidia kijana mmoja wa Akron. Walimkaribisha na familia yake katika nyumba ya daktari, wakamlisha, wakamkesha majuma mengi. Alikuwa akitoroka, akilewa, akifanya vurugu. Walishindwa naye kabisa wakamwacha aende, na kwa miaka mingi alihesabiwa kuwa kazi yao ya kwanza iliyoharibika. Novemba 1950 Dr. Bob alifariki, na watu wakaja kumzika kutoka pande zote za Ohio. Wilson, akiwa katikati ya waombolezaji, alimwona mtu anamjia akamtambua: ni yule yule. Alikuwa na mwaka mmoja bila pombe.